Shaba ya Dukani na Shaba ya Baharini

Mhariri,

Naomba unipe nafasi niseme juu ya jina "shaba", ambalo katika maduka ya vifaa hapa Lamu hupewa kila kitu chenye rangi ya dhahabu, nasi mafundi wa mashine za boti ndio tunaoona hasara yake.

Majuzi niliitwa kijijini Matondoni kutazama mashua iliyokuwa ikivuja penye shafti, ule mhimili unaozungusha propela. Skrubu zilizoshikilia bushi, yaani pete ambamo shafti huzungukia, zilionekana nzima, lakini nilipoibana moja kwa koleo ilikatika kama biskuti, na ndani ilikuwa ya waridi, imejaa vitundu kama sifongo. Rangi hiyo ndiyo ushahidi. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na zinki ikifikia karibu asilimia 40, maji ya chumvi huila kidogo kidogo yakaacha shaba nyekundu isiyo na nguvu, huku umbo la skrubu likibaki vilevile.

Siilaumu shaba ya manjano yenyewe. Ikitiwa madini ya risasi kidogo hukerezeka kwa urahisi sana, na kwa komeo na njumu za milango yetu sijaona inayoipita. Chini ya maji, hata hivyo, panataka bronzi, yaani shaba nyekundu na stani, ile inayoyeyushwa kuungia nyaya za redio; mchanganyiko wa zamani wa kusubia mizinga ulikuwa na shaba takriban asilimia 88, stani 10 na zinki 2. Bronzi ya alumini, yenye alumini kama asilimia 10, ina nguvu isiyopungua ya chuma cha kawaida, ila bei yake nayo haishikiki.

Linalowapoteza wengi ni jina "bronzi ya manganizi", kwa kuwa hiyo kwa hakika ni shaba ya manjano yenye zinki nyingi na manganizi kidogo. Propela nyingi zimeundwa kwayo, nami sizikatai, mradi kipande cha zinki kifungwe karibu kiliwe badala yake, na kibadilishwe kabla hakijaisha.

Ninachoomba ni wenye maduka wadai kwa wanaowaletea bidhaa karatasi yenye asilimia za mchanganyiko, na mnunuzi aonyeshwe. Sanduku la skrubu zile za Matondoni ninalo karakanani: limeandikwa "shaba" tu, na pembeni pamechorwa nanga.

Fundi wa mashine za boti,
Lamu