Daftari la Wodini: Barua kwa Binti Yangu Muuguzi

Mbale, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku nyumbani tu wazima, ila goti langu hunisumbua mvua inaposhuka kutoka Masaba, mlima wetu Elgon. Malewa uliyoagiza, yale machipukizi ya mianzi, nimekwisha kuyakausha.

Tangu uliponipigia simu Alhamisi maneno yako hayanitoki. Ulisema wamekutaka kwenye mradi wa utafiti wa watoto hapo Gulu, kisha ukasema, "Lakini Mama, utafiti ni wa madaktari. Mimi ni nesi wa watoto tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu. Kwenye simu ningelia, na salio lingekwisha kabla sijafika mwisho.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Ilikuwa 2007, niko zamu ya usiku katika hospitali moja ya wilaya. Aliletwa mtoto wa kiume wa miaka miwili hivi, homa kali, amelegea, miguu baridi mpaka magotini. Nikambonyeza ukucha wa kidole gumba, nikauachia, nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, ndipo wekundu ukarudi, ishara kwamba damu haizunguki vizuri. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mtoto wa namna ile apewe maji ya dripu mengi, kwa haraka, ndani ya saa moja. Nikafungua dripu. Baada ya muda mshipa wa mkono ukaanza kupiga vizuri, mama yake akanishika bega akasema, "Asante, sista." Kabla ya adhana ya alfajiri mtoto alikuwa amefariki mikononi mwetu.

Kama ni yale maji au ni ugonjwa wenyewe, Mungu ndiye ajuaye. Lakini hakuwa wa kwanza. Kwenye chumba cha chai tulikuwa tukiambiana: hawa wa miguu baridi, wengine huchangamka kidogo kisha huondoka ghafla. Tulisema, tukaosha vikombe, tukarudi makwetu. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Tuliona kuandika si kazi yetu.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Ulifanyika hapa hapa kwetu, katika hospitali za Mbale, Soroti, Lacor na Mulago, pamoja na Kilifi kule Kenya na Muheza kule Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa maji mengi kwa haraka, wengine hawakupewa hayo ya haraka, bali ya kawaida ya polepole tu. Karibu kila mtu alitarajia dripu ya haraka ishinde. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walifariki kati ya 10 na 11. Kwa wale ambao hawakupewa, walifariki 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. (Wewe unajua, ila nalisema kwa sababu nimesikia watu wakichanganya: watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuwemo. Hao habari yao ni nyingine.)

Siku niliyoisoma karatasi ile nilikaa kitandani nikalia mpaka marehemu baba yako akadhani nimepata habari ya msiba. Nilimlilia yule mtoto, na nililia kwa sababu jambo lile tulikuwa tukilinong'ona kwenye chai miaka mingi. Hebu fikiri pia ni nani aliyekaa na wale watoto 3,141, akiwashika miguu kusikia baridi inapoishia, akihesabu pumzi dakika nzima bila kukata, mara kwa mara hadi saa 48 zitimie. Kazi hiyo unaijua ni ya nani. Bila mikono ya namna yako daktari hana namba ya kuandika.

Na Uganda si wageni katika mambo haya. Mwaka 1999, wewe ungali mdogo, utafiti wa Kampala ulionyesha kwamba dozi moja ya dawa ya nevirapini kwa mama uchungu unapoanza, na nyingine kwa mtoto ndani ya saa 72 baada ya kuzaliwa, inapunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa mtoto karibu nusu, ikilinganishwa na dawa ya zidovudini iliyotolewa kwa muda mfupi. Nilikuwa wodini. Nakumbuka jinsi tulivyokuwa kabla ya hapo, hatuna cha kumpa mama zaidi ya maneno.

Sasa tuje kwako. Ulipokuja Idi ulinieleza kitu ukiwa unamenya ndizi, na nadhani umeshakisahau. Ulisema wamama wa wodi yako huwavua watoto mipira ya oksijeni usiku, kwa sababu wameona kila anayewekewa hufa, wakaamini ni ile gesi inayoua. Kisha ukasema umegundua kwamba ukimwekea mama mpira shavuni kwanza, akasikia upepo wenyewe unavyopuliza, halafu ukamwacha amvishe mwanawe kwa mkono wake, hauvui tena. Niliacha kumenya, nikakutazama.

Mwanangu, hilo ni swali la utafiti, na ni la nesi. Daktari hawezi kuliuliza kwa sababu saa tisa usiku hayupo pale kuona. Lakini kwa sasa ni maneno ya jikoni tu, kama yetu ya chumba cha chai. Ni wamama wangapi? Wangapi waliuvua hata baada ya kushikishwa? Bibi akiwa ndiye mlezi, inakuwaje? Kipimo cha oksijeni cha mtoto kilikuwa kiasi gani alfajiri? Hapo ndipo unapohitaji shule.

Kuhusu huo mradi, shangazi yako anasema usiache kazi ya serikali, mkataba wa miaka miwili hauna pensheni. Hajakosea. Kabla ya kutia sahihi waulize: watakufundisha kuchambua takwimu, au utajaza fomu tu mchana kutwa? Mkataba ukiisha utatoka na cheti gani? Ukiwa na swali lako mwenyewe, kuna wa kukusimamia? Wakikwepa, kaa wodini kwako uendelee na daftari.

Ukikubali, simama imara kwenye ridhaa. Huku kwetu utafiti hauanzi bila kupita kwenye kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na mtoto wa kuanzia miaka 8 naye huulizwa kama anakubali, si mzazi peke yake. Hayo ya karatasi ni mepesi. Mazito ni yule mama aliyefika usiku kwa boda, mtoto ana degedege, kisha anapewa kurasa za kusoma. Atatia dole gumba kwenye chochote ilimradi mwanawe ahudumiwe. Hiyo si ridhaa. Mwambie kwa Kiswahili au kwa hicho Kiacholi chako ulichojifunzia sokoni kwamba akikataa mtoto atatibiwa vile vile. Kisha mwache arudie kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa kurudia, anza upya.

Na digrii usiiache. Nilipoanza mimi na cheti changu, nesi hakuwa na digrii ya kusomea nchini. Chuo Kikuu cha Makerere walianza 1993, nami nilikuwa tayari nina watoto. Leo Chuo Kikuu cha Busitema wanafundisha hapa Mbale, cha Mbarara wapo, na cha Aga Khan kule Kampala wana masomo kwa wauguzi walio kazini. Kinachoniuma ni kwamba kwetu nesi mzuri akipanda cheo hupelekwa ofisini kupanga zamu, na mtoto mahututi anabaki na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Soma mpaka uzamili ukipenda, ila ukiombwa kuchagua chumba, chagua kilicho karibu na vitanda. Kwa hilo nitakubana hata nikiwa mzee wa kutambaa.

Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi mzigo wako: malewa, karanga za kusaga, daftari kubwa lenye jalada gumu, na ile saa yangu ya kubandika kifuani. Nimeitia betri mpya, mshale wa sekunde unakwenda sawa. Ukurasa wa kwanza nimeupigia mistari mwenyewe kwa rula: tarehe, umri wa mtoto, mlezi ni nani, alishikishwa upepo au la, mpira ulivuliwa saa ngapi. Majina ya watu usiandike.

Ukija Agosti njoo nalo, tulisome pamoja barazani.

Wasalaam,
Mama yako