Barua ya malalamiko: kompyuta mpya isiyofikia kasi iliyoandikwa kwenye ankara

Mwanga,
Manispaa ya Kigoma Ujiji.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mauzo ya Kompyuta,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA MPYA ISIYOLINGANA NA MAELEZO YA MAUZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyenunua kwenu kompyuta mpya ya mezani kwa ajili ya kazi ya kuhariri video, nikailipia bei yote kabla haijatoka dukani, na ikanifikia Kigoma ikiwa salama na inawaka vizuri. Sina lalamiko juu ya kioo chake, kumbukumbu yake wala diski yake. Lalamiko langu ni moja, nalo ni zito kwa kazi yangu: tangazo lenu na ankara mliyonipa vyote vinasema kwamba poti (tundu) ya kebo ya mtandao ya kompyuta hii ni ya gigabiti, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde, lakini kompyuta niliyoipokea ina poti ya megabiti 100. Nimekwisha kuwaeleza jambo hili kwa simu na kwa ujumbe, na kila mara nimejibiwa kana kwamba nimeuliza jambo jingine. Kwa sababu hiyo ninaliweka sasa kwa maandishi, hatua kwa hatua, ili yeyote atakayepewa kulishughulikia asipate sababu ya kunirudisha mwanzo.

Ninapiga na kuhariri video za harusi, kwaya na mahafali hapa mjini na Ujiji, na wakati mwingine Kasulu na Uvinza. Video zote kabla ya kuhaririwa ninazihifadhi kwenye kompyuta ya zamani iliyoko chumba cha ndani, ambayo ina diski kubwa na imeunganishwa kwa kebo kwenye swichi ya gigabiti, yaani kisanduku kinachounganisha kompyuta za ndani kwa kebo. Kompyuta yenu iko chumba cha kuhariria na imeunganishwa kwenye swichi hiyo hiyo. Harusi moja iliyopigwa kwa kamera mbili tangu kutoka nyumbani kwa bibi harusi hadi mwisho wa sherehe ukumbini inaweza kufika gigabaiti 200. Poti ya gigabiti inapofanya kazi sawasawa, mafaili makubwa huhama kwa megabaiti zipatazo 110 kila sekunde, na mzigo wa gigabaiti 200 humalizika kwa karibu nusu saa. Kwa poti ya megabiti 100, kwa kuwa kila megabaiti ni megabiti nane, kasi haiwezi kuvuka megabaiti 12.5 hata kwa hesabu ya karatasini, na kwa vitendo huishia kwenye 11 hivi, kwa hiyo mzigo ule ule unachukua takribani saa tano.

Naomba saa hizo tano zisichukuliwe kuwa usumbufu mdogo. Familia iliyokuja Kigoma kwa ajili ya harusi huwa na siku ya kuondoka, na mara nyingi wanataka waondoke na video mkononi kabla ya basi la alfajiri. Umeme ukikatika kazi ya kuhamisha ikiwa imefika katikati, faili lililokuwa linanakiliwa wakati huo haliaminiki tena, nami hulazimika kuanza kukagua moja baada ya jingine kujua lipi limefika zima na lipi halikufika. Nilinunua kompyuta mpya ili niondokane na adha hiyo, na nililipa zaidi ya bei ya kompyuta nyingine iliyokuwa kwenye orodha yenu hiyo hiyo kwa sababu maelezo ya hii yalitaja gigabiti.

Dalili ya kwanza ilionekana kwenye dirisha la Windows linaloonyesha kasi ya kunakili. Diski ikiwa ndiyo inayochelewesha kazi, mstari wa kasi hupanda na kushuka, huanza juu kisha ukaporomoka, hasa mafaili yakiwa madogo madogo na mengi. Kwenye kompyuta yenu mstari ule ulipanda mpaka kwenye megabaiti 11 na ushei, ukalala hapo sawasawa kama uliochorwa kwa rula, na haukutikisika mpaka faili likaisha. Yeyote aliyewahi kufanya kazi na mitandao ya ndani anaijua namba hiyo: ni kikomo cha megabiti 100. Nilipofungua taarifa za muunganisho, Windows yenyewe ikathibitisha kwamba kasi ya kiungo kati ya kompyuta na swichi ilikuwa megabiti 100 kwa sekunde.

Sikukimbilia kuilaumu kompyuta, kwa kuwa dalili hiyo hiyo inaweza kuletwa na kebo. Mawasiliano ya megabiti 100 hutumia nyaya nne tu kati ya nane zilizomo ndani ya kebo, ilhali gigabiti huzihitaji zote nane, na hivyo waya mmoja tu ukilegea ndani ya kile kichwa cha plastiki cha kebo, vifaa viwili vya gigabiti huweza kushuka hadi 100 na kuendelea na kazi bila kutoa onyo lolote. Nilivikagua vichwa vyote viwili kwenye mwanga na kuona nyaya nane zimefika mbele. Kisha nikaichomoa kebo hiyo kwenye kompyuta yenu, bila kugusa upande wa swichi, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya mpakato ambayo ina miaka kadhaa sasa. Taa ya swichi ikabadilika rangi, kasi ya kiungo ikasomeka megabiti 1,000, na faili lile lile kutoka kwenye kompyuta ile ile ya kuhifadhia likahama kwa zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa jaribio hilo moja, kebo, tundu la swichi, swichi yenyewe na diski ya kompyuta ya kuhifadhia vyote vimeondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Ilibaki kuitenganisha diski ya kompyuta yenu na mtandao wake. Nilinakili faili kubwa kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya kompyuta yenyewe, na kasi ikawa mamia ya megabaiti kwa sekunde, kama inavyotarajiwa kwa diski ya aina yake. Halafu nikatumia programu ya iperf3, ambayo hutuma data kati ya kompyuta mbili bila kugusa diski ya upande wowote: kompyuta yenu ikatoa megabiti 94 kwa sekunde, na ya mpakato ikatoa zaidi ya 930. Tofauti ni ya mara kumi, na kilichobadilika kati ya majaribio hayo mawili ni kompyuta tu.

Ushahidi ulionimalizia shaka upo ndani ya Windows, mahali ambapo hata fundi wenu anaweza kuuona kwa dakika moja. Kwenye orodha ya vifaa, kadi ya mtandao ya kompyuta hii, yaani kifaa cha ndani chenye ile poti ya kebo, inajitambulisha kwa jina la Realtek lenye herufi FE, ambazo mtengenezaji huyo huzitumia kwa kadi zake zinazoishia megabiti 100, wakati zile za gigabiti huandikwa GbE. Nikifungua mipangilio ya kadi hiyo na kutazama orodha ya kasi zinazoweza kuchaguliwa, zinaanzia 10 na kuishia 100. Gigabiti haimo kwenye orodha. Simlaumu mtengenezaji wa kadi, kwa kuwa kadi inafanya kile ilichotengenezwa kufanya na jina lake halifichi kitu. Aliyeandika gigabiti kwenye ankara ni ninyi.

Sasa naomba niyazungumzie majibu niliyopewa, kwa sababu yameniumiza kuliko hitilafu yenyewe. Jibu la kwanza lilisema kwamba intaneti ya Kigoma ni ya taabu na kwamba niongeze bando. Mafaili yangu hayatoki nje ya nyumba. Yanatoka chumba kimoja kwenda kingine kupitia swichi, na yanahama vilevile hata ruta ya intaneti ikizimwa kabisa. Kunijibu hivyo ni sawa na kumwambia mtu anayehamisha magunia kutoka ghalani kwenda sebuleni kwake kwamba anachelewa kwa sababu barabara ya kwenda Dar es Salaam ni mbovu. Mteja aliyeko mikoani anapoeleza tatizo kwa vipimo, asijibiwe kwa kutajiwa mkoa anaokaa.

Jibu la pili lilinitaka nisasishe draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, na kuzima ulinzi wa Windows. Draiva nimeisasisha, toleo likabadilika, herufi FE zikabaki palepale. Ulinzi sikuuzima na sitauzima, kwa kuwa kompyuta hii inapokea flashi za wateja karibu kila siku, na hata ningeuzima, hakuna mpangilio wowote unaoweza kuifanya poti ya megabiti 100 ipitishe 1,000.

Jibu la tatu lilikuwa nihamie kwenye Wi-Fi, kwa maelezo kwamba boksi linaonyesha kasi kubwa kuliko hiyo. Kasi inayoandikwa kwenye boksi ni ya kiungo kikiwa katika hali bora kabisa, na vifaa vyote vilivyomo ndani ya nyumba huigawana hewa ile ile kwa zamu. Kuta za nyumba yangu ni za matofali ya kuchoma, na kuna kuta mbili kati ya chumba cha kuhariria na ruta. Nilichagua kebo nikijua ninachokifanya, na poti ya kebo ndiyo niliyoilipia.

Mwishoni niliambiwa niirudishe kompyuta Dar es Salaam kwa gharama zangu ili ikaguliwe. Kutoka Kigoma hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kifaa kizito cha namna hiyo kikisafirishwa kwenda na kurudi, hatari ya kuharibika inaongezeka mara mbili. Isitoshe, hakuna cha kukagua. Jina la kadi linasomeka kwenye picha za kioo nilizoambatisha, na hata kwa simu fundi wenu anaweza kuniambia nibonyeze wapi nikamsomea herufi moja moja.

Naomba pia ieleweke kwamba sidai anasa. Kiwango cha megabiti 100 kilipitishwa na IEEE, taasisi inayoweka viwango vya mitandao, mwaka 1995, na kile cha gigabiti kwa kebo za shaba kikapitishwa mwaka 1999. Kuuza leo kompyuta yenye poti ya kiwango cha kale si kosa, iwapo mnunuzi ameambiwa na bei imelingana na hali hiyo. Wapo wateja wengi wanaotumia intaneti tu ambao hawatahisi tofauti yoyote. Kosa ni kuiuza kwa jina la kiwango kingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa inayouzwa.

Kwa hiyo ninaomba mfanye moja kati ya haya. Njia ninayoiona nyepesi kwa pande zote mbili ni kunitumia kadi ya mtandao ya gigabiti ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, pamoja na barua yenye muhuri wenu inayomruhusu fundi wa hapa Kigoma kufungua kasha na kuifunga, gharama yake ikiwa juu yenu. Barua hiyo ni ya lazima, kwa sababu kwenye ubavu wa kasha mmebandika stika inayosema kwamba ikichanwa warantii inakufa, nami sitaichana bila ruhusa ya maandishi kwa kosa ambalo si langu. Mkiona vyema kutuma adapta ya USB badala ya kadi, nitaipokea ikiwa ni ya USB 3.0 upande wa kompyuta na ya gigabiti upande wa kebo. Zile za USB 2.0 zina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, na baadhi yake, ingawa zinafanana kwa sura, huishia kwenye 100 ile ile tunayoilalamikia. Kama hakuna mnachoweza kutuma, basi nibadilishieni kompyuta kwa nyingine yenye poti iliyotajwa kwenye ankara, au nirudishieni fedha zangu, na katika hali zote mbili usafiri wa kwenda na kurudi uwe wenu.

Pamoja na hayo, ninawaomba mrekebishe maelezo ya kompyuta hii kwenye tangazo lenu, ambalo hadi ninapoandika barua hii bado linasema gigabiti. Kuna vijana wengi hapa Kigoma, Kasulu na Kibondo wanaoanza kazi kama yangu kwa fedha za kuunga unga, nao wanategemea maandishi yenu kwa sababu hawana namna ya kuja dukani kufungua kasha na kutazama.

Nimeambatisha nakala ya ankara na risiti, picha ya tangazo lenu, picha za kioo zinazoonyesha jina la kadi, kasi ya kiungo na orodha ya kasi zinazoweza kuchaguliwa, pamoja na matokeo ya iperf3 kwa kompyuta zote mbili. Natarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii, likitaja njia mliyoichagua na tarehe ya utekelezaji. Muda huo ukipita bila jibu, nitawasilisha malalamiko haya pamoja na viambatisho vyake vyote kwa Tume ya Ushindani.

Wenu mteja,

(Jina, sahihi na namba ya simu vipo kwenye nakala iliyotumwa pamoja na ankara.)