Umeme wa mwani: tuandikieni na wati zake

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niseme kuhusu hizi habari za umeme wa mwani, yani kwamba vidudu vinavyoishi kwa jua vinaweza kutupa umeme, maana kila zikitoka watu wanaanza kuulizana paneli zao za sola watamuuzia nani. Jamani, tulieni kwanza.

Ile ya Cambridge kule Uingereza ni kweli. Paolo Bombelli, Chris Howe na wenzao walichukua kichombo saizi ya betri ndogo ya rimoti, wakatia Synechocystis, ule mwani wa kijani-buluu ambao kiukweli ni bakteria, wakakiweka dirishani nyumbani kipindi cha lokidauni ya 2021, kikaendesha chipu ya kompyuta zaidi ya miezi sita bila mtu kukichaji, na hata usiku kilipiga kazi kwa sababu vile vidudu gizani vinaendelea kutumia chakula vilichotengeneza mchana. Hapo mi nawavulia kofia.

Ila ile chipu ilikuwa inakula maikrowati 0.3 tu, na maikrowati moja ni wati moja ukiigawa mara milioni. Bulbu ya wati 5 inataka zaidi ya mara milioni 16 ya hapo! Namba hiyo ndo huwa haiandikwi. Usanisinuru wenyewe, yani kujitengenezea chakula kwa jua, ndo ulivyo, mazao mengi shambani hayabakishi hata asilimia 1 ya nguvu ya jua, wakati paneli ya kawaida pale juu ya bati inakupa kama 20.

Mi naona vidudu vipewe kazi ambayo paneli haiiwezi, yani kutengeneza vitu. 2016 Daniel Nocera na Pamela Silver wa Harvard walifanya hivyo, umeme unapasua maji, haidrojeni inayotoka wanakula bakteria wa Ralstonia eutropha waliochezewa jeni, wanachanganya na kabonidayoksaidi wanatoa pombe ya kuchoma kama mafuta. Ukiunga na paneli nzuri wanasema inafika asilimia 10 ya nguvu ya jua, lakini hiyo ni kwa kabonidayoksaidi safi ya mtungi, sio hewa hii tunayovuta, na hilo nalo magazeti huwa yanaliruka. 2017 bakteria wa aina nyingine wakafanya kazi ya mbolea, figili zikanenepa kuliko zile zisizowekewa. Hiyo ya mbolea mbona hamuipi ukurasa wa mbele?

Biashara bado ngumu lakini, kampuni ya Joule ya Marekani ilitaka kuuza mafuta yanayotengenezwa na bakteria kama wale wa kijani-buluu ikafungwa 2017 hiyohiyo. Kwa hiyo mkiandika tena tuwekeeni wati ngapi, gesi ilitoka wapi, na lita moja ya mafuta inatoka kwa bei gani.

Msomaji wenu,
Morogoro