TAKUKURU wapewe jaji? Tumuangalie Ringera kwanza

Mhariri, habari za kazi. Naandika kutoka Ngamiani hapa Tanga, nimesoma maoni ya msomaji wako anayetaka mkuu wa TAKUKURU, taasisi yetu ya kupambana na rushwa, awe jaji tu, tena jaji mkubwa. Hata barazani kwetu kwenye kahawa hilo linaungwa mkono sana, watu wanasema jaji hahongeki. Mimi sikubaliani kabisa, na sababu yangu iko hapo tu ukishavuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya.

Wakenya walishajaribu, tena mara mbili na mtu yuleyule, Jaji Aaron Ringera. Mara ya kwanza 1999, yuko Mahakama Kuu akapewa aongoze KACA, mamlaka yao ya kupambana na rushwa enzi za Moi. Haikufika mbali. Desemba 2000 kwenye kesi ya Gachiengo majaji watatu wa Mahakama Kuu hiyohiyo wakasema mamlaka yenyewe iko kinyume na katiba, inaingilia kazi ya Mwanasheria Mkuu ya kushtaki, halafu mtu hawezi kuwa jaji huku anaendesha upelelezi wa serikali. Yaani ule ujaji ambao sisi tunauona ndio sifa, ukawa mojawapo ya sababu za taasisi nzima kuanguka, na waliokuwa wanachunguzwa wakapumua!

Kibaki alipoingia, 2003 Ringera akapewa kamati ya kuchunguza rushwa mahakamani. Ripoti ikawagusa majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufani na 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu. Wananchi walishangilia na nawaelewa, mtu aliyenyang'anywa haki yake kortini anataka kuona na mkubwa anaguswa. Lakini wale majaji walichafuka kwenye magazeti kabla hawajasikilizwa vizuri, wengi wakaachia ngazi, na katika waliokaza mpaka kwenye tribunal, jopo la kuwachunguza majaji, wako waliosafishwa, mmoja ni Jaji Philip Waki, ambaye 2008 ndiye aliyeongoza tume ya kuchunguza machafuko ya baada ya uchaguzi. Je angeogopa akajiondokea?

2004 Ringera akarudi kuwa mkurugenzi wa tume mpya ya kupambana na rushwa, KACC. Hii ilikuwa na sheria yake na pesa, ila haina meno ya kushtaki, faili likiiva linapelekwa kwa Mwanasheria Mkuu na huko ndiko kwenye kigugumizi, na kipindi hicho kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba hewa ya serikali, imewaka nchi nzima. Sisemi hakufanya kitu, ardhi za umma zilizonyakuliwa walizipigania na nyingine zikarudi. Ila watu walikuwa wanasubiri vigogo wafungwe, hawakuona. 2009 Rais akamuongezea miaka 5 bila jina kupita kwenye bodi ya ushauri wala bungeni, wabunge wakaja juu, mwisho wa Septemba akajiuzulu. Mtu wa sheria maisha yake yote, kaondolewa na namna alivyoteuliwa! Hilo ndilo nataka wasomaji wenzangu walione.

Sisi Watanzania majaji tunao tayari kwenye Sekretarieti ya Maadili ya viongozi wa umma, marehemu Jaji Nsekela aliyetoka Mahakama ya Rufani alikuwa Kamishna pale, na heshima yake hakuna anayebisha. Lakini rushwa imepungua huku chini? Jirani yangu wa Makorora alifuatilia kiwanja cha marehemu baba yake kwenye ofisi moja ya umma, kila akienda faili halionekani, siku alipotoa ya maji likatolewa droo ya meza ileile aliyokuwa anasimama mbele yake. Huyo mama hana shida na nani ni mkurugenzi Dodoma. Anataka akipeleka malalamiko kesi ifike mahakamani, na kwa sheria yetu ya 2007 makosa mengi yanasubiri kwanza kibali cha DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka.

Mkurugenzi Mkuu wa TAKUKURU anateuliwa na Rais peke yake, bunge halimhoji. Kwa hiyo mhariri, badala ya kujadili awe jaji au askari, naomba gazeti lako liwaulize wabunge wetu wa mkoa wa Tanga mmoja mmoja, majibu yachapishwe na majina yao: nani yuko tayari kupeleka hoja jina hilo lithibitishwe na bunge, na DPP awekewe muda wa kujibu faili akikataa aandike sababu?

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga