Kuhusu mama anayeumwa ugonjwa usiojulikana

Ndugu Mhariri, nimesoma habari yenu ya familia inayoomba msaada, mama yao anaumwa na ugonjwa haujajulikana, yani imeniuma maana hata sisi baba alipoumwa tulichangishana kwenye grupu la WhatsApp tukauza na mbuzi, hela yote ikaishia kwenye vipimo kabla ya dawa. Watu ukiwaambia ni kansa wanachanga fasta, ukisema bado hatujui wanakaa kimya (wengine eti mpelekeni kwa mganga).

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote bunge lilipitisha 2023, basi vipimo vya wasio na uwezo viangaliwe kwanza. Na hospitali zibandike mapokezi kwamba ustawi wa jamii wapo na msamaha wa malipo unaombwa pale, sisi tulikuja kujua mbuzi wameshaisha.

Msomaji wenu, Morogoro