Nyimbo mbili za mama

Mbeya,
Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Bwana asifiwe. Natumaini wewe na wadogo zako mnaendelea vizuri, na baba presha yake imetulia. Sisi huku wazima, isipokuwa mvua hazijakoma na njia ya kwetu imegeuka tope tupu.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara nyingi. Ulisema tangu arobaini ya mama wenzako wa kwaya wanakupigia na hupokei, kwa sababu unahisi ukisimama kuimba utakuwa kama umeshamsahau. Kwenye simu nilikosa la kukujibu. Leo nimechukua karatasi nikusimulie habari za dada mmoja wa Ufaransa ambaye hanitoki kichwani tangu siku ile.

Anaitwa Louane. Jina alilopewa na wazazi ni Anne Peichert, na alizaliwa tarehe 26 Novemba 1996 huko Hénin-Beaumont, kaskazini mwa Ufaransa, sehemu ya migodi ya makaa ya mawe ambayo ilishafungwa zamani. Mwaka 2013, akiwa na miaka 16, aliingia kwenye mashindano ya The Voice ya Ufaransa, yale ambayo majaji wanakupa mgongo mpaka sauti yako iwafanye wageuze viti. Alifika nusu fainali. Mwaka huo huo baba yake akafariki. Mwaka uliofuata, mama yake naye akaondoka kwa maradhi. Neema, huyu alikuwa bado mtoto wa kutafutiwa daftari na kuulizwa kama amekula.

Katika mashindano hayo kuna mwongozaji wa filamu, Éric Lartigau, aliyemwona. Akampa nafasi ya mhusika mkuu katika La Famille Bélier, na binti hakuwahi kuigiza maishani mwake. Ilibidi ajifunze lugha ya alama, maana anaigiza kama Paula, msichana anayesikia katika nyumba ambayo baba, mama na mdogo wake wote ni viziwi. Wanafuga ng'ombe na kuuza jibini sokoni. Yeye ndiye mdomo na masikio yao, na kumbe ana sauti ambayo wao hawataisikia kamwe.

Kuna sehemu Paula anaimba shuleni, wazazi wamekaa ukumbini. Katikati ya wimbo, sauti ya filamu yote inakatika. Unabaki na kimya kama wao. Unawaona wakigeuka huku na huku kutazama nyuso za watu, wanaona mmoja anafuta machozi, ndipo wanaelewa kwamba mtoto wao ana kitu. Usiku, nje ya nyumba, baba anamwomba aimbe tena kwa ajili yake peke yake. Anamwekea mikono shingoni, anausikiliza wimbo kwa viganja. Nilipoona pale nilimkumbuka mama yako kwenye benchi la tatu siku za mazoezi, mkono shavuni, macho kayafumba, wewe ukianza ubeti.

Filamu ilitoka Desemba 2014. Wafaransa zaidi ya milioni 7 waliingia kwenye majumba ya sinema kuitazama, na Februari 2015 Louane akapewa César, tuzo kubwa ya filamu ya Ufaransa, kama mwigizaji chipukizi wa kike. Mwezi uliofuata akatoa albamu yake ya kwanza, Chambre 12, yaani chumba namba kumi na mbili, ikauza nakala zaidi ya 1,000,000. Watu walimwona kama nyota iliyoangukiwa na bahati. Mimi nikipiga hesabu ya miezi naona mtoto yatima ambaye matanga mawili hayajapoa.

Na hapa ndipo nilipotaka tufike. Kwenye albamu ile kuna wimbo unaoitwa Maman, yaani mama. Anazungumza na mama, anamwambia wazi kwamba kichwani mwake hakuko sawa. Hakujifanya jasiri. Ikapita miaka kumi. Akawa mtu mzima, akapata binti yake mwenyewe. Mwaka 2025 Ufaransa ikamchagua aende Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, naye akapeleka wimbo mpya wenye jina lile lile: Maman. Safari hii anampelekea mama habari nyingine, kwamba sasa anaendelea vizuri, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeitwa mama.

Niliangalia usiku ule wa tarehe 17 Mei, fainali ikiwa Basel, Uswisi. Amesimama peke yake na gauni jeusi, na mchanga unamiminika kutoka juu ukimzunguka, mwingi, kama ule wa saa ya mchanga. Yeye haukimbii mchanga, anaimba tu. Alimaliza nafasi ya 7 kwa pointi 230, na magazeti yaliandika kwamba Ufaransa ilitarajia zaidi. Mimi sikujali nafasi. Nilikuwa nalia kimyakimya ili watoto wasiamke.

Hakuacha kuimba ili amkumbuke mama, Neema, na wala hakuimba ili asahau. Alikuwa anaongea naye. Kwanza akamwambia naumia, kisha baada ya muda wote ule akamwambia nimepata nafuu. Hakuna aliyemharakisha, na mimi sikuharakishi. Ukitaka kukaa mwaka mzima bila kusimama mbele ya watu, kaa. Ila usiseme sauti yako inamsaliti mama, kwa sababu mimi nilimwona akikusikiliza.

Ijumaa ya wiki ijayo napanda basi la asubuhi, usiku nitakuwa kwenu Mungu akipenda. Filamu ninayo kwenye flashi, maandishi yake ni ya Kiingereza, patakapokuwa pagumu nitakutafsiria. Wadogo zako nao wakitaka, tuangalie wote. Na kile kitabu cha nyimbo cha mama, alichokishonea jalada la kitenge, usikifungie kabatini. Kiache mezani, nikifika nikikute.

Msalimie baba sana.

Wako,
Upendo