Maneno ya tamthilia yasikike hata kwenye basi

Mhariri,

Kurasa za burudani huchambua hadithi, uigizaji, hata mavazi ya wahusika, lakini sauti hupitwa kimya kimya. Naomba nafasi niizungumzie, kwa sababu ndiyo inayowaudhi zaidi wafanyakazi wa miji mikubwa, na wengi wao hudhani tatizo ni masikio yao au simu zao. Mtu anayetoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi usiku haangalii tamthilia sebuleni. Anaiangalia kwenye simu, ndani ya basi au treni, mara nyingi amesimama. Sauti anayopelekewa imeandaliwa katika chumba kimya, na fundi aliyekaa katikati ya spika kubwa. Kazi yangu ni kurekodi na kuchanganya sauti, na nasema wazi kwamba sehemu kubwa ya lawama ni yetu sisi tunaozitengeneza.

Kelele ya injini na magurudumu ni nzito. Nguvu yake nyingi iko chini ya hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde. Sikio la binadamu limeumbwa hivi kwamba sauti nzito ikizidi hufunika na zile nyembamba zilizo juu yake. Irabu zina nguvu, hivyo hupenya. Konsonanti kama f, s na sh ni hafifu, na uhai wake uko kwenye hezi 2,000 kwenda juu. Mwigizaji akisema “amefika”, abiria husikia irabu nne na pengo, kisha akili yake inaachiwa kazi ya kuchagua: amefika, ameshika au amepika? Katika hadithi ya upelelezi neno moja kama hilo likipotea, sehemu mbili zinazofuata hazieleweki. Kwa hiyo abiria anapandisha sauti. Dakika moja baadaye mlango unabamizwa au muziki wa vitisho unaingia, naye anaruka na kuanza kutafuta kitufe cha kupunguza.

Mbona mazungumzo yawe chini na kishindo kiwe juu kiasi hicho? Filamu nyingi huchanganywa kwa chaneli sita, yaani njia sita za sauti: kushoto, kulia, katikati, mbili za pembeni au nyuma, na moja ya sauti nzito. Maneno hukaa kwenye chaneli ya katikati, peke yake, na ukumbini yana spika yake. Simu ina chaneli mbili tu. Basi katikati hushushwa kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) na kumwagwa kushoto na kulia, kunakomiminwa pia muziki, mvua, magari na vishindo vilivyokuwa pembeni. Maneno yaliyokuwa na nafasi yao sasa yanagombania mlango mmoja na kila kitu. Lipo kosa baya zaidi, nalo hutokea faili ikibadilishwa kienyeji: programu inachukua kushoto na kulia na kuiacha katikati. Hapo muziki unasikika vizuri kabisa, midomo inacheza, na maneno yamebaki mwangwi tu. Ukiona dalili hiyo, usihangaike na simu. Faili ndiyo yenye kasoro.

Watayarishaji wakiulizwa hujibu kwamba kipindi chao kimepita kipimo cha ukubwa wa sauti. Ni kweli vipimo vipo. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya uliweka mwaka 2010 wastani wa LUFS −23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) kwa kipindi kizima. Marekani nayo ilitunga sheria mwaka huohuo, ikaanza kutumika Desemba 2012, kuzuia matangazo ya biashara kupiga kelele kuliko kipindi chenyewe. Lakini wastani ni wastani. Tamthilia yenye mapigano makubwa na mnong’ono mdogo inaweza kufikia namba hiyohiyo na bado mnong’ono usisikike popote penye watu. Kipimo kinachomfaa abiria ni tofauti kati ya maneno na kila kilicho chini yake.

Hapa ndipo nina ugomvi wa dhati na waongozaji. Muziki chini ya mazungumzo umekuwa mazoea mabaya. Tukio halijaamini nguvu zake, linawekewa kinanda. Mama anamwambia mwanawe ukweli alioficha miaka yote, na chini yake vinanda vinalia kwa masafa yaleyale, yaani hezi zilezile, ya sauti ya binadamu. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ya mwaka 2008 kuhusu maudhui ya mtandaoni, katika ngazi yake ya juu kabisa, inataka sauti za nyuma ziwe chini ya maneno kwa desibeli 20 au zaidi, isipokuwa vishindo vya sekunde moja au mbili. Iliandikwa kwa ajili ya watu wenye usikivu hafifu. Abiria wa basi, kwa muda ule, ni mtu mwenye usikivu hafifu. Tamthilia nyingi za leo huacha desibeli 6 au 8 tu, na fundi haoni tatizo kwa kuwa ameshasikia sentensi ileile mara nyingi hadi ameikariri. Mtu aliyekariri maneno hana uwezo tena wa kupima kama yanasikika.

Marekebisho yaanzie mahali pa kurekodia, maana huko ndiko kosa huzaliwa. Umbali wa maikrofoni na mdomo ukiongezeka mara mbili, sauti ya moja kwa moja hushuka kwa desibeli 6 hivi, ilhali mwangwi wa chumba unabaki palepale. Kwa hiyo maikrofoni ya mti, ile inayoshikwa kwa fimbo ndefu, ikisogezwa kutoka sentimita 50 hadi mita moja ili isionekane kwenye picha, umeshapoteza kitu ambacho hakuna mashine itakayokirudisha. Friji izimwe, feni izimwe, na jenereta ipelekwe nyuma ya ukuta. Kuta tupu zitundikwe mablanketi mazito upande usioonekana. Maikrofoni ndogo ya kifuani ibandikwe kwa utepe ili nguo isiisugue, kwa sababu mkwaruzo wa kitambaa huangukia kwenye masafa yaleyale ya s na sh. Na mwigizaji anayenong’ona aambiwe anong’one kwa pumzi iliyojaa, kama waigizaji wa redio wanavyofundishwa. Redio haikuwa na picha ya kuwaokoa, ndiyo maana tamthilia zake zilisikika hata jikoni penye kelele.

Kwenye mashine kazi ni fupi. Sauti ya mtu ikatwe chini ya hezi 80, au 100 kwa wengi, kwani huko hakuna neno, kuna mtetemo tu. Ipandishwe kidogo, desibeli 2 au 3, kati ya hezi 2,000 na 4,000. Ibanwe kwa uwiano wa 3 kwa 1, yaani kila desibeli 3 zinazovuka kiwango kilichowekwa zitoke 1 tu, ili mnong’ono na kelele visogeleane. Muziki uchimbwe shimo, yaani upunguzwe, kwenye masafa hayohayo kila mtu anapoongea. Halafu lifanyike jaribio ambalo studio nyingi hulikwepa: kipande kichezwe kwenye simu ya kawaida yenye spika za masikioni za bei ya chini, huku spika nyingine pembeni ikitoa kelele za basi zilizorekodiwa, na asikilize mtu ambaye hajawahi kuusoma mswada. Aandike anachosikia. Asipoweza kuandika, kazi haijaisha. Na kama mwongozaji anaupenda mchanganyiko wake wa ukumbini, abaki nao, ila atoe na wa pili wa chaneli mbili kwa ajili ya simu. Ni kazi ya ziada, lakini watazamaji wengi wako huko.

Kosa la fundi lina madhara kwa afya pia, na hili linanisumbua kuliko yote. Kelele ndani ya basi hufika desibeli 75 bila shida. Ili maneno yaeleweke bila kukaza akili, hutakiwa kuzidi kelele kwa desibeli 15 hivi. Jumlisha, unapata 90. Shirika la Afya Duniani linahesabu usalama kwa wiki: desibeli 80 kwa saa 40, lakini desibeli 90 kwa saa 4 tu. Anayesafiri saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku tano, amefikisha saa 10. Usikivu unaopotea kwa njia hii haurudi, na kinachotangulia kupotea ni masafa ya juu, zile konsonanti alizokuwa anazitafuta.

Msikilizaji anaweza kujisaidia bila kununua chochote kikubwa. Vifuniko vya silikoni vya spika za masikioni huja kwa saizi tatu, na watu wengi hubaki na vya kati vilivyowekwa kiwandani. Jaribu vyote. Kinachokaa sawasawa huziba mlango wa sikio na kukata desibeli 10 hadi 20 za kelele, kwa hiyo unashusha sauti badala ya kuipandisha. Dalili ya kuvuja ni besi kupotea. Hata sikio la kushoto na la kulia huweza kuhitaji saizi tofauti. Spika zenye uwezo wa kupunguza kelele ni nzuri kwa mngurumo wa injini usiobadilika, lakini hazizuii sauti ya abiria anayeongea pembeni. Ukishuka na kuvuka barabara, zima uwezo huo.

Wengi huvaa spika moja tu ili wasikie kituo kikitangazwa. Ni busara, ila nusu ya stereo inaachwa mfukoni, na mhusika aliyewekwa upande wa kulia anaweza kutoweka. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe sauti ya mono. Chaneli zote mbili zitaingia kwenye sikio moja.

Spika ya upande mmoja ikififia, usikimbilie kusema imekufa. Mara nyingi ni nta ya masikio iliyoziba wavu. Toa kifuniko, shika spika wavu ukiwa umetazama chini ili uchafu uanguke nje, kisha piga kwa brashi laini kavu. Sindano hutoboa wavu, na maji au spiriti hubeba nta na kuipeleka ndani. Za waya hufa karibu na pini, pale waya unapopindwa kila siku mfukoni. Sauti ikikatika na kurudi ukigusa hapo, ujue nyuzi za ndani zimekatika. Fundi akikata sentimita chache na kulehemu pini mpya, spika inaishi tena.

Tukio la fedheha linalojirudia maofisini nalo lina sababu inayoeleweka. Mtu anasitisha tamthilia anaposhuka kwenye basi, anaingia ofisini, anarudisha spika zake kwenye kasha. Simu inatafuta kifaa kingine cha Bluetooth inachokijua, inaipata spika ya chumba cha mkutano iliyowahi kuunganishwa nayo, na inajiunga bila kuuliza. Anapogusa skrini kwa bahati mbaya, ugomvi wa mke na mume wa kwenye tamthilia unalipuka mbele ya wageni. Dawa ni kuifuta spika ya ofisi kwenye orodha ya vifaa mara tu mkutano unapokwisha, au kuizuia kujiunga yenyewe, na kuifunga programu ya video kabisa badala ya kuisitisha. Anayetumia kompyuta ya kazi na simu kwa spika zilezile aangalie jina la kifaa kwenye skrini kabla ya kubonyeza chochote.

Wapo wanaoamua kuacha spika za masikioni na kufungulia sauti basi zima lisikie. Spika ya simu haina besi ya maana, hivyo inachowafikia jirani ni masafa makali ya katikati, yale ambayo sikio haliwezi kuyapuuza. Mtu aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya kusinzia. Asiye na spika za masikioni azime sauti na asome maandishi.

Maandishi hayo nayo yana shida yake. Mistari miwili yenye herufi 42 kila mmoja inatosha kwenye televisheni, ila kwenye simu iliyoshikwa kwa mkono mmoja kwenye barabara yenye mashimo ni vigumu kuifuatilia. Programu nyingi huruhusu kukuza herufi na kuweka kivuli au mandhari nyeusi nyuma yake. Chagua mandhari nyeusi, maana herufi nyeupe juu ya shati jeupe hazisomeki. Watayarishaji nao wasiyatumie maandishi kama kisingizio cha sauti mbovu. Anayesoma muda wote haoni uso wa mwigizaji.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Wachambuzi wenu wa tamthilia na filamu waandike mstari mmoja mwishoni mwa kila uchambuzi: waliangalia kwenye kifaa gani, mahali gani, na kama walielewa maneno yote bila kurudisha nyuma. Waangalie angalau sehemu moja wakiwa safarini, kama wasomaji wao. Mtayarishaji akisoma mara tatu mfululizo kwamba mazungumzo ya kazi yake hayasikiki kwenye basi, ataenda mwenyewe kumwambia fundi ashushe muziki.

Msomaji wenu,
Fundi sauti